Mint, Ubuntu, Xfce au KDE: ipi inampa mgeni wa Linux skrini isiyomsumbua?

Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama iliyo ndani ya kompyuta. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kampala, Mbale na hapa Busia mpakani hazifiki hapo. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ni ya kizazi cha 6: mwili wake imara, kibodi yake nzuri, betri yake inabadilishika, lakini Windows mpya haiitaki. Wenye mashine kama hizo wanauliza wahamie Linux ipi, yaani toleo gani la mfumo huo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na mara nyingi wanajibiwa kwa urembo wa menyu au umaarufu wa jina.

Mimi nalinganisha kwa kitu kimoja tu: skrini. Mwalimu wa sekondari Tororo, karani wa SACCO, mwenye kibanda cha filamu, mchungaji anayeonyesha maneno ya nyimbo ukutani, wote hao siku moja watachomeka waya wa projekta au televisheni mbele ya watu waliokwisha kukaa wakisubiri. Picha ikitoka, Linux imepata mwenyeji. Ikikataa, kesho yake mashine inarudi kwa fundi kuwekewa Windows ya wizi.

Ninaolinganisha ni wanne: Linux Mint 22 yenye Cinnamon, Linux Mint 22 yenye Xfce, Ubuntu 24.04 yenye GNOME, na Fedora yenye KDE Plasma 6. Mint, Ubuntu na Fedora ni mifumo yenyewe; Cinnamon, Xfce, GNOME na KDE ni sura zake, yaani menyu, madirisha na mipangilio unayoiona kwenye kioo. Asiye na muda achukue hili: laptopu ya mtumba yenye grafiki za Intel na RAM ya GB 8, weka Mint Cinnamon. RAM ikiwa GB 4, au kazi yako ni kuhama na projekta kila siku, weka Mint Xfce. Ukiwa na skrini ya 4K, au skrini mbili za ukubwa tofauti zinazofanya kazi pamoja, nenda KDE. Ubuntu ni mfumo mzuri, lakini kwa mashine na projekta tulizo nazo huku naipa nafasi ya nyuma, na sababu zake ziko hapa chini.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Hapa tofauti ni ndogo. Draiva za grafiki za Intel na AMD zimo ndani ya kernel yenyewe, yaani kiini cha mfumo, na kernel ndiyo inayopanga resolusheni mara tu mashine inapoamka. Washa flashi ya mfumo wowote kati ya hiyo minne kwenye Latitude, ThinkPad au EliteBook ya kawaida, na picha itajaa kioo kizima bila wewe kuulizwa swali.

Mgeni ajihadhari na jambo moja: mafunzo ya zamani yaliyobaki mtandaoni. Mfumo wa X11, unaochora picha na madirisha ya Linux kwenye skrini, ni wa mwaka 1987, na katika miaka ya 1990 mtu aliyetaka picha alikaa akaandika kwa mkono faili lenye masafa ya monita yake, huku maelezo ya wakati huo yakimwonya kwamba namba mbaya zinaweza kuiunguza monita. X.Org, programu inayoutekeleza mfumo huo, iliyochipuka kutoka XFree86 mwaka 2004, ilikuja kujifunza kujisanidi yenyewe. Leo hakuna hata mmoja kati ya mifumo hii minne unaokutaka uandike faili la xorg.conf. Ukikuta ushauri unaoanza na kulifungua faili hilo, angalia kwanza umeandikwa mwaka gani, kisha uachane nao.

Kilichobaki cha kujua ni kwamba Mint zote mbili bado zinatumia X.Org, wakati Ubuntu na Fedora zinatumia Wayland, mradi ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 ili kuirithi X. Wayland ndiko Linux inakoelekea, hilo halina ubishi. Ila mgeni ataiona tofauti katika mambo matatu: projekta korofi, ukubwa wa maandishi, na kadi za grafiki za NVIDIA.

Siku ya projekta

Nalikalia hili kwa sababu ndipo watu wanapokata tamaa.

Mwalimu anachomeka waya. Ukutani inatokea picha nzuri ya mandhari, lakini faili lake la somo halipo. Anafungua tena, linafunguka kwenye laptopu tu. Anampigia fundi simu.

"Fundi, projekta imekufa."

"Haijafa, Mwalimu. Hiyo picha unayoiona ukutani ndiyo projekta inafanya kazi. Shika kile kitufe chenye alama ya Windows, ukiwa umekishika bonyeza P."

Kilichotokea ni kwamba kompyuta imeipokea projekta kama skrini ya pili iliyo kando ya ile ya kwanza, wakati mwalimu alitaka kioo na ukuta vionyeshe kitu kilekile. Hapa ndipo mifumo hii inapoachana kwa kweli. Xfce na KDE huuliza. Ukichomeka skrini ambayo haijawahi kuiona, KDE inaleta mstari wa vitufe katikati ya kioo: tumia hii tu, tumia ile tu, akisi, panua. Xfce inaleta kidirisha kidogo chenye machaguo hayohayo, kila moja na kimchoro chake, na hata asiyejua Kiingereza anaona vioo viwili vyenye picha moja akaelewa. GNOME ya Ubuntu na Cinnamon ya Mint haziulizi. Zinapanua tu na kukuachia ugundue mwenyewe. Kwenye Ubuntu hiyo P ya mwalimu ndiyo njia ya mkato. Kwenye Cinnamon njia ya uhakika ni kufungua Display kwenye menyu na kuchagua kuakisi. Baada ya hapo mifumo hiyo miwili inaikumbuka projekta hiyo, na kesho haitasumbua.

Xfce ina zaidi. Inakuruhusu kuhifadhi mipangilio kwa jina, tuseme "darasani" na "ofisini", na kuiambia iurudishe mpangilio bila kuombwa inapoiona skrini husika. Kwa anayehama kati ya monita ya ofisini na projekta ya ukumbini hili ni jambo kubwa, na linashangaza kulikuta kwenye mfumo mwepesi kuliko yote minne.

Sasa tuje kwenye projekta korofi, zile za VGA ambazo shule nyingi bado zinazo. Kila monita na projekta ina kumbukumbu ndogo ndani, sehemu yake ya msingi ni baiti 128, iliyoandikwa jina lake, ukubwa wake na resolusheni inazozipenda. Kompyuta huisoma kumbukumbu hiyo kupitia pini mbili za waya wa VGA, ya 12 na ya 15. Geuza kichwa cha waya wa bei ya chini kabisa uhesabu pini: mara nyingine utakuta tundu tupu mahali ambapo pini ilipaswa kuwa. Waya wa namna hiyo unapitisha rangi vizuri, lakini kompyuta haina pa kusoma, kwa hiyo inakisia, na kisio lake halizidi 1024×768. Kwenye projekta ya skrini pana picha inatoka imevutwa, nyuso za watu zimekuwa pana, maandishi yana ukungu. Adapta hafifu za kutoa HDMI kwenda VGA nazo huleta ugonjwa huohuo.

Lawama zinakwenda kwa Linux, na hakuna mfumo hata mmoja kati ya hii minne unaoweza kusoma pini isiyokuwepo. Dawa ya kwanza ni waya mzuri. EliteBook 840 G3 haina HDMI kabisa, ina DisplayPort na VGA, kwa hiyo mwenye mashine hiyo anunue adapta ya DisplayPort kwenda HDMI na aachane na VGA popote projekta inaporuhusu.

Waya mzuri usipopatikana siku hiyo, Mint inakuokoa na Ubuntu inakuacha njiani. Kwenye X.Org unafungua terminali, dirisha la kuandikia maagizo, unaandika *cvt 1280 800*, mashine inakupa mstari wa namba, nawe unauingiza kwa *xrandr --newmode*, kisha *--addmode*. Resolusheni mpya inatokea palepale kwenye orodha ya Display, unaichagua bila kuzima chochote, somo linaendelea. Mpangilio huo unapotea ukitoka, basi fundi akiuweka kwenye orodha ya programu zinazoanza na kompyuta, mwalimu hatauona tena. Kwenye Wayland *xrandr* haibadilishi kitu. Kwenye Ubuntu 24.04 unalazimika ama kutoka na kuchagua kipindi cha Xorg kwenye ukurasa wa kuingia, ama kwenda kwenye mipangilio ya kuwashia, kuandika agizo la kernel lenye jina la tundu na resolusheni, na kuwasha upya. Fundi atalifanya. Mwalimu aliye peke yake mbele ya wanafunzi hawezi, na sidhani kama kuna wa kumlaumu kwa hilo.

Wenye vibanda, ninyi mnatumia televisheni zaidi, na shida yenu ni picha kukatwa pembeni hadi menyu ya juu haionekani. Televisheni nyingi zinaivuta picha kidogo kupita kingo za kioo. Anzia kwenye rimoti yenyewe, kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha, utafute chaguo linaloonyesha picha kamili bila kuivuta. GNOME na KDE zina kitufe cha kuibana picha kutoka upande wa kompyuta, ila kinaonekana pale tu draiva inaporuhusu. Sauti ikibaki kwenye laptopu, ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague HDMI. Mifumo yote minne iko sawa hapo.

Maandishi madogo

Laptopu ya inchi 14 yenye pikseli 1366×768 haina shida hii. Yenye 1920×1080 ndiyo inayomfanya mzee wa miaka hamsini asogeze uso hadi karibu na kioo. Ukiweka ukuzaji wa asilimia 200, kila kitu kinakuwa kikubwa mno. Kinachofaa ni kama asilimia 125.

KDE inashinda wazi hapa. Unavuta kitelezo hadi 125, unakubali, maandishi yanatulia safi, na kila skrini inaweza kuwa na kipimo chake: laptopu 125, monita kubwa ya mezani 100. Ubuntu nayo inafanya hivyo, baada ya kuwasha swichi ya ukuzaji wa sehemu, yaani wa viwango vya kati kama 125, kwenye ukurasa wa Displays, ingawa programu zilizoandikwa kwa ajili ya X zinaweza kuonekana na ukungu kidogo.

Cinnamon imekuwa na ukuzaji wa sehemu tangu Mint 20 ya mwaka 2020. Inafanya kazi kwa kuchora picha kubwa kisha kuipunguza, na grafiki za zamani za Intel zinaihisi kazi hiyo. Kwa hiyo kwenye mashine za mtumba siuwashi. Fungua Font Selection, pandisha kipimo cha maandishi kutoka 1.0 hadi 1.2, basi. Herufi zinakua kote, picha na aikoni zinabaki, mashine haichoki. Kwenye Xfce unafanya vilevile kwa kupandisha DPI ya fonti, namba inayoamua ukubwa wa herufi, katika mipangilio ya mwonekano. Kwa skrini moja njia hii inatosha kabisa. Kwa skrini mbili zenye msongamano tofauti wa pikseli haitoshi, na ndiyo maana nawapeleka watu hao KDE bila kusita.

Wenye kadi ya NVIDIA

Mashine ya kuhariri video au ya michezo huwa nayo. Kwa hao naanza na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kwenye baadhi ya laptopu zenye grafiki mbili, tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na kadi ya NVIDIA. Ukiiamuru mashine itumie Intel pekee ili kutunza betri, HDMI inakuwa tundu tupu. Mint ina kialama karibu na saa kinachokuonyesha uko kwenye hali ipi. Weka ile ya kutumia NVIDIA inapohitajika, kisha jaribu projekta tena kabla ya kuhangaika na waya.

Kuhusu draiva yenyewe, Mint ina Driver Manager: unaifungua, inakuonyesha kadi yako, unachagua ile iliyopendekezwa, unasubiri, unawasha upya. Ubuntu inakupa kisanduku cha kutia alama wakati wa kusakinisha, na ukikikumbuka hutafanya kazi nyingine. Zote mbili, Secure Boot (ulinzi wa kompyuta unaokagua kinachopakiwa inapowaka) ikiwa imewashwa, zitakuomba utunge nenosiri. Ukiwasha upya unatokea ukurasa wa bluu ambao watu wengi huuogopa na kuupita. Usiupite. Chagua Enroll MOK, endelea, andika nenosiri lile ulilotunga. Ukiuacha ujipitie wenyewe, draiva haitapakiwa na utabaki ukidhani usakinishaji umeharibika.

Fedora haiji na draiva ya NVIDIA. Inatoka kwenye hazina ya nje iitwayo RPM Fusion, ambayo lazima uiongeze. Mgeni mwenye kadi hiyo asianzie Fedora. Na mwenye kadi za zamani za enzi ya GT 600 na 700, zinazohitaji draiva ya toleo la 470, abaki kwenye X.Org, maana yake Mint. Draiva hiyo na Wayland hazipatani vizuri, na haitaboreshwa tena.

Skrini ikiwa nyeusi

Kila mfumo una mlango wa dharura kwenye menyu ya flashi. Mint inauita compatibility mode, Ubuntu safe graphics, Fedora inauficha ndani ya Troubleshooting kwa jina la basic graphics mode. Ukiingia kwa huo picha inatoka, mara nyingi kwa resolusheni ya chini na bila kasi, ya kutosha kusakinisha mfumo na kuweka draiva sahihi. Hapa hakuna aliyemzidi mwenzake kwa mbali.

Anayewazidi ni Mint, baada ya kusakinisha, kwa sababu inakuja na Timeshift. Iwashe siku ya kwanza, ihifadhi hali ya mfumo ulivyo mzima. Draiva ikivuruga skrini baada ya sasisho, unawasha flashi uliyosakinishia, unafungua Timeshift, unarudi ulikokuwa juzi, na hati zako ziko palepale. Ubuntu inakutaka uisakinishe mwenyewe, na mgeni huisikia habari yake baada ya maji kumwagika.

Mpangilio wa skrini peke yake ukiharibika, hauhitaji hata hilo. Ukibadilisha resolusheni mifumo hii inakuuliza kama picha ni nzuri, na usipojibu inarudi ilikokuwa baada ya sekunde chache, kwa hiyo ukiona giza ondoa mikono kwenye kibodi usubiri. Na kama ulishakubali mpangilio mbaya, futa faili moja ndani ya folda yako ya .config: Ubuntu ni monitors.xml, Cinnamon ni cinnamon-monitors.xml. Toka, ingia tena, skrini inaanza upya kama mgeni.

Data, na muda wa msaada

Faili la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. La Mint 22 liko chini ya GB 3. Kwa anayepakua kwa bando la simu tofauti hiyo inaingia mfukoni moja kwa moja. Fedora inafanana na Mint kwa ukubwa, lakini kila toleo lake linapata msaada kwa takribani miezi 13 tu, kisha unapakua upya sehemu kubwa ya mfumo. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na inasaidiwa hadi mwaka 2029. Mashine ya shule inayoguswa na fundi mara chache kwa mwaka inahitaji hilo la pili.

Kabla hujalipa dukani

Weka Mint kwenye flashi ya GB 4 au zaidi, chukua waya wako wa HDMI, nenda navyo dukani. Omba laptopu iwashwe kutoka kwenye flashi hiyo. Haigusi kilichomo ndani ya diski. Angalia picha imejaa kioo, pandisha na ushushe mwanga kwa vitufe vya juu, kisha chomeka waya kwenye televisheni iliyopo dukani uone kama inatokea na sauti inatoka. Funga kifuniko, subiri kidogo, kifungue: mashine iamke na picha yake. Ikipita hayo, maliza bei. Muuzaji akikataa laptopu isiwashwe kwa flashi, kuna maduka mengine mtaa huohuo.